Kamusinga au St Anthony's? Mtihani wa shabiki wa Misikhu

KUNA swali ambalo wakazi wengi wa Misikhu hulikwepa hadi mashindano ya kitaifa ya shule za upili yanapobisha hodi: ni timu ipi ya kushangilia katika mpira wa magongo, Friends School Kamusinga au St Anthony's ya Kitale?

Soko la Misikhu liko kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale, katika Kaunti ya Bungoma. Kamusinga iko Kimilili, ndani ya kaunti iyo hiyo. St Anthony's iko ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Trans Nzoia. Zote mbili ni miamba ya magongo, na si ajabu boma moja kuwa na mwana huku na mwingine kule.

Asili ya jambo hili ni ya zamani kuliko michezo yenyewe. Baada ya uhuru mwaka 1963, walowezi wa Kizungu walipoanza kuondoka, jamaa nyingi za Wabukusu zilitoka Bungoma na kupata mashamba Trans Nzoia, ama kwa kuchanga fedha katika vyama vya ushirika, ama kupitia mipango ya serikali ya makazi. Ndugu mmoja akabaki kwenye ardhi ya baba, mwingine akafuata mahindi ya Kitale. Mazishi, mahari na sherehe za tohara, ambazo Wabukusu huzifanya Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, huwakutanisha tena.

Hata hivyo, Bungoma ilikuwa Mkoa wa Magharibi na Trans Nzoia ilikuwa Bonde la Ufa. Mpaka huo haukuwa wa karatasi tu. Katika machafuko ya kikabila ya miaka ya 1991 na 1992, waliofurushwa kutoka Trans Nzoia na Mlima Elgon walikimbilia Bungoma kutafuta hifadhi. Tangu hapo, kumwuliza mtu ni wa upande gani si mzaha kila mara.

Katiba ya mwaka 2010 iliiondoa mikoa, na serikali za kaunti zikaanza kazi 2013. Michezo ya shule, lakini, imeendelea kuufuata mgao wa zamani. Timu huanza katika kaunti ndogo, hupanda hadi kaunti, kisha eneo, na hatimaye taifa. Kamusinga hupitia Magharibi na St Anthony's hupitia Bonde la Ufa. Kwa hiyo, katika ngazi zote za mchujo, timu hizi haziwezi kukutana, na mzazi wa Misikhu anaweza kuziombea zote mbili bila kumkosea mtu. Mgongano huzuka katika ngazi ya taifa pekee.

Hali ni tofauti Marekani, ambako ushabiki wa mpira wa vikapu wa vyuo vikuu hugawanya nyumba. Vyuo vya Duke na North Carolina viko mwendo wa dakika chache kwa gari, na vyote ni vya ligi moja, hivyo hukabiliana angalau mara mbili kila msimu. Shabiki wa huko hana pa kujificha. Ajabu ni kwamba katika mashindano ya taifa wapinzani hao walikutana kwa mara ya kwanza Aprili 2022, katika nusu fainali jijini New Orleans, North Carolina ikashinda kwa alama 81 kwa 77.

Huku Misikhu, wapo wanaoamua kwa kaunti, na wapo wanaoamua kwa kanisa, kwa kuwa Kamusinga ilianzishwa na Wakwekeri ilhali St Anthony's ni ya Kikatoliki. Hoja ya kaunti ina udhaifu wake. Kamusinga ni shule ya kitaifa inayopokea wanafunzi kutoka pembe zote za nchi. Anayejigamba kuwa anaunga mkono timu ya nyumbani huenda anamshangilia kijana wa Pwani, huku mtoto wa jirani yake akivaa jezi ya St Anthony's. Ndiyo maana kwa wengi damu hushinda ramani: mtoto akiwa uwanjani, mjadala umekwisha. Mwenye watoto pande zote mbili ndiye asiye na njia.

Kwa wasichana mambo ni mepesi. Misikhu ina shule yake, St Cecilia Misikhu, ambayo nayo hucheza magongo.

Nafuu kwa wavulana huja baada ya fainali. Kenya hupeleka zaidi ya timu moja katika mashindano ya shule za Afrika Mashariki, ambako wapinzani huwa ni akina Ntare na Kakungulu Memorial kutoka Uganda. Kamusinga na St Anthony's zikifuzu zote, huondoka kama timu za Kenya, na mzazi wa Misikhu hurudi kuziombea zote mbili, mpaka ratiba itakapozikutanisha tena.