Kwa baiskeli Naivasha: njia isiyo na malori iko wapi?

Sisi watu wa pwani baiskeli twaijua kwa kazi. Ni ya mchuuzi wa samaki, ya mwenye madafu, ya muuza mikate wa alfajiri, na ya mzee aendaye msikitini huku kanzu ameikunja isije ikaingia kwenye mnyororo. Mtu kupanda baiskeli kutwa nzima kwa ajili ya kuitazama nchi tu, hana mzigo wala hana anakowahi, ni jambo ambalo wengi watalicheka. Na wacheke. Mimi nataka kusema habari za jambo hilo, kwa sababu nimeona nyumba moja ikikosa usingizi kwa ajili yake.

Nyumba yenyewe iko Ainabkoi, katika kaunti ya Uasin Gishu, na ni ya bin ami yangu ambaye biashara ya viazi ilimpandisha huko miaka mingi iliyopita. Msomaji ambaye hajafika Ainabkoi na ajue kwamba huko ni juu, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Kituo jirani cha reli, Timboroa, kiko futi 9,001. Reli hiyo iliyofika Eldoret mwaka 1924 hupita katikati ya mashamba ya viazi na mahindi na misitu ya miti ya mbao. Asubuhi unga wa baridi mweupe huwa juu ya majani, na mtu wa Mombasa hutia wudhu huku meno yakigongana.

Mtoto wa nyumba hiyo ana miaka kumi na sita. Baiskeli aliyo nayo ameiunga mwenyewe kwa vipande vya baiskeli tatu, na juu yake hupeleka maziwa kila asubuhi kwa njia za udongo. Alikuwa amepania kuteremka kwa baiskeli hadi ziwa la Naivasha. Mama yake alikataa katakata. Basi usiku wa pili wa kukaa kwangu shauri likaletwa mbele yangu, ndiyo kazi ya mgeni.

“Ami, mwambie mama,” kijana akasema. “Ni mteremko mtupu.”

“Shemeji,” mama akanijibu mimi, si mwanawe, “huo mteremko ndio ninaouogopa.”

Na mama alikuwa na haki. Ukitoka Ainabkoi hapana njia ya kwenda Naivasha ila barabara kuu, na barabara hiyo ndiyo mshipa wa mizigo yote inayotoka bandari yetu ya Mombasa kwenda Uganda na mbele yake. Malori hushuka miteremko ya Timboroa na Salgaa breki zikinuka moto. Tarehe 31 Desemba 2017, hapo Migaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa. Mwenye baiskeli katika barabara kama hiyo hana hata bati la kumkinga.

Nilitoa shauri moja. Baiskeli zipande lori la viazi la baba yake mpaka Naivasha, sisi tupande matatu, na huko tutafute njia ambayo magari hayapiti. Mama akauliza kama njia ya namna hiyo ipo. Nikamwambia ipo, lakini si kwa kulizunguka ziwa.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Naivasha ni ziwa la maji matamu, mita 1,880 hivi juu ya bahari, katika nchi iliyoumbwa na moto wa chini ya ardhi. Mlima Longonot unaolitazama ni volkeno, na kisiwa cha Crescent ni ukingo wa kasoko iliyozama. Mtu akiitazama ramani ataona barabara ya kusini na ya kaskazini zimelikumbatia ziwa, akasema: kumbe duara kamili! Akifika atajionea mwenyewe. Ile ya kusini ina matatu za wafanyakazi, malori ya maua na bodaboda, na kati ya barabara na maji kuna ua baada ya ua: hoteli, mashamba ya maua, majumba ya kitajiri. Unaweza kwenda kilomita nyingi karibu na ziwa usilione ziwa lenyewe. Ya kaskazini ina utulivu zaidi, lakini vumbi lake halimhurumii mtu. Ukingo nao hautulii mahali pamoja. Mwaka 2020 maji yalipanda yakaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, na penye maji pana viboko.

Kwa hiyo tuliiacha barabara ya kusini haraka, tukapinda kushoto tukaingia Hell's Gate. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1984, na inaruhusu jambo ambalo mbuga nyingi za Kenya hazilikubali: mtu kutembea ndani kwa miguu au kwa baiskeli. Asiye na baiskeli hukodi karibu na lango, ila aijaribu breki kabla ya kutoa pesa. Kutoka lango la Elsa mpaka korongo la ndani ni kama kilomita nane za njia ya udongo na mchanga, majabali mekundu yamesimama huku na huku kama kuta za ngome. Punda milia walikuwa hatua chache kutoka gurudumu letu, twiga wakatutazama kwa dharau. Magari ya watalii hupita mojamoja, na kule Olkaria kuna magari ya kazi, kwani mvuke wa ardhini unatoa umeme hapo tangu mwaka 1981. Lakini asubuhi ile tulikaa muda mrefu hatusikii ila mnyororo na upepo. Nyati ndio wa kuwaheshimu. Ukiwaona karibu na njia, simama mbali, ungoje, usipige kengele.

Karibu na lango kuna mnara wa jiwe unaoitwa kwa jina la Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883. Kijana aliniuliza alikujaje. Nikamwambia: kwa watu wa kwetu. Msafara wake ulitoka Pangani. Na mwaka uleule Mskoti Thomson alivuka nchi ya Wamasai kwa kuandamana na msafara wa Jumbe Kimemeta, tajiri wa pembe kutoka Pangani hiyohiyo. Miamba imepewa majina ya wageni wawili watatu, na wapagazi wa Mrima waliobeba shehena hawana hata kijiwe.

Adhuhuri tulisali chini ya kivuli cha jabali, tukaikusanya na alasiri kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Maji ya wudhu yalikuwa ya chupa. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini karibu sawasawa, na hapa unaipinda kidogo tu upande wa mashariki. Tuliposalimu, nyani alikuwa amekwisha kuondoka na mkate wetu wa mofa.

Korongoni hatukushuka, kwa sababu mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Longonot. Zamani za kale maji ya ziwa yalitokea hapo, na mvua ikinyesha korongo hukumbuka kazi yake: mwaka 2012, kisha 2019, wageni walichukuliwa na mafuriko wakafa.

Ziwa la volkeno hasa, lililo ndani ya kasoko, liko ng'ambo ya Kongoni, dogo na la kijani kama zumaridi. Tulilifikia kesho yake. Baada ya Kongoni magari hupungua, mtu akapumua, na ndani ya kasoko ni mwendo wa miguu tu.

New Zealand kuna ziwa Taupo, nalo la volkeno, na huko wametengeneza njia ya kilomita 71 ya baiskeli na miguu peke yake. Sisemi tuige kwa ajili ya watalii. Alfajiri, tulipokuwa tukijaza upepo magurudumuni, niliwaona wafanyakazi wa mashamba ya maua wakienda kazini, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli, wamebanwa kati ya lori na mtaro. Wakubwa wa kaunti wakitenga ukanda wa mita tatu tu nje ya ua zile, hao ndio wa kwanza kuokoka, na msafiri atapita nyuma yao bila gharama ya ziada.

Tuliporudi Ainabkoi mama aliikagua baiskeli kabla ya kumkagua mwanawe. Akauliza kama tulitia gurudumu kwenye lami. Kijana akasema ile ya kusini, kidogo, mpaka kona ya Elsa, na siku ya pili mpaka Kongoni. Akanitazama mimi, nikakubali. Basi likizo ya Desemba ataruhusiwa tena kwa sharti kwamba baiskeli ipande lori mpaka kwenye kona ileile, naye awe na tairi jipya la nyuma. Tairi, nimeambiwa, atanunua ami.