Kisio Nalo Lina Haki Yake

Miaka kadhaa iliyopita, nikisahihisha mtihani wa hisabati wa Kidato cha Tatu, nilikumbana na jibu hili: "Nimejaribu mara tatu, nakisia inaendelea hivyo hivyo." Kalamu nyekundu ikapita, na mwanafunzi akapata sifuri. Nimekuja kujuta, na aliyenikosoa si mkaguzi wa shule bali ni fizikia.

Chembe zinapogongana na kutawanyika, wataalamu hupata uwezekano wa kila tokeo kutokana na fomula iitwayo ampilitudi. Fomula hiyo ina mahali inapofura bila kikomo. Mwanafunzi na achukue (x + 4)/(x − 2). Kwa 2.1 thamani ni 61, kwa 2.01 ni 601. Kwa 2 yenyewe haishikiki. Hapo huitwa ncha. Lakini ukizidisha kwanza kwa (x − 2), kisha ukaikaribia 2, kinachosalia ni 6. Hilo ndilo salio. Katika ampilitudi sahili za kawaida, salio huwa zao la ampilitudi mbili ndogo, kana kwamba tukio zima limekatika vipande viwili.

Mwaka 1986 Stephen Parke na Tomasz Taylor walichapisha fomula fupi ajabu ya mtawanyiko wa gluoni za idadi yoyote. Lilikuwa kisio, nao hawakulificha. Uthibitisho ulitolewa na Berends na Giele mwaka 1988.

Mwaka 2019 Cachazo, Early, Guevara na Mizera walikwenda mbali zaidi. Ampilitudi za kawaida zaweza kujengwa kwa nukta zilizo juu ya mstari. Wao wakaziweka nukta kwenye bapa, na hata katika anga pana zaidi. Kwa nukta sita kwenye bapa zikatokea ncha 16, na katika baadhi yake salio hugawanyika mara tatu! Tangu hapo wataalamu wanakisia jinsi masalio haya yanavyogawanyika. Mifano imehesabiwa, lakini kuhesabu mifano si kuthibitisha kwa idadi yoyote ya nukta na kwa anga yoyote.

Mwenzangu mmoja hudai kuwa tukitoa alama kwa makisio tutalea uvivu. Simkubalii, ingawa hofu yake ina msingi. Fomula n² + n + 41 huzaa namba tasa kuanzia 0 hadi 39, halafu kwenye 40 hutoa 1681, yaani 41 mara 41. Basi anayekisia aseme amejaribu hadi wapi, na aseme waziwazi kuwa hajathibitisha. Akifanya hivyo, apewe alama yake, na zilizobaki zingojee uthibitisho.

Mwanafunzi wangu alikuwa amejumlisha namba witiri: 1, kisha 1 + 3, kisha 1 + 3 + 5, akaona 1, 4, 9. Alisema kila mara jumla itakuwa namba mraba. Alikuwa sahihi. Uthibitisho wake hauzidi mistari mitatu, nami sikumwonyesha.