Butembo–Beni: buji ya pikipiki haingoji ikatae kuwaka

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita zipatazo 54 kwenye barabara ya taifa nambari 2. Motari anayekwenda na kurudi mara moja kwa siku, siku sita kwa juma, anapita kilomita 8 000 kwa miezi mitatu. Hapo buji nyingi za kawaida huwa zimeanza kuchoka. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha pikipiki.

Lakini wengi hungoja mpaka pikipiki izime njiani. Katika eneo la Beni, ambako mauaji ya raia yanayohusishwa na ADF yanaendelea tangu 2014, kukwama jioni na abiria mgongoni si jambo dogo.

Dalili huanza mapema: pikipiki inawaka kwa shida asubuhi, inakata moto mlimani, inakunywa esansi zaidi.

Fungua buji mota ikiwa imepoa, utazame ncha yake. Kahawia hafifu: mambo sawa. Nyeusi na kavu: esansi imezidi au filta ya hewa imeziba. Nyeupe: mota inapata joto kupita kiasi. Ikilowa mafuta ya mota, muone fundi. Buji mpya peke yake haitaponya.

Ncha ikiwa imelika au kauri imepasuka, usisafishe, badilisha. Nunua yenye namba ileile: iliyo ndefu kupita kiasi inaweza kugonga pistoni. Na ya akiba, pamoja na ufunguo wake, isibaki nyumbani.