Chapa ya Mbao Haipigwi Laminesheni

Swali ni lilelile, litoke Ndanda, Masasi mjini au Newala: "Mgeni wetu Mjerumani ametuachia picha ya chapa ya mbao. Ili isiharibike, tuipige laminesheni nene au nyembamba?" Nimelijibu kwa upole mara nyingi, sasa upole umekwisha. Isipigwe nene wala nyembamba.

Historia tuifupishe. Wajerumani si wageni huku: Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Masasi na Newala mwaka 1906 akikusanya vinyago, na mwaka huohuo Wabenediktini wakaanza kazi Ndanda. Picha mliyopewa ni ya ukoo wa Kirchner na Heckel, waliounda kundi la wasanii la Die Brücke mjini Dresden mwaka 1905, ukoo ambao Georg Baselitz ameuendeleza hadi zama zetu. Ile 12/40 ya penseli pambizoni maana yake ni mojawapo ya karatasi 40 zilizochapwa kutoka ubao mmoja na kukubaliwa na msanii. Si fotokopi, wala hakuna "halisi" iliyofichwa Berlin. Tuendelee.

Isogezeni karatasi dirishani, mwanga uingie kutoka ubavuni. Tazameni wino ulivyojikusanya kwenye kingo za mchoro, pale ubao ulipobana. Ndani ya weusi kuna mistari myembamba ya nyuzi za mti, na kwenye weupe kuna alama za patasi ambazo msanii aliziacha makusudi. Igeuzeni: mara nyingi mgongoni mtaona mbonyeo. Aliyekulia jirani na wachonga mpingo anajua alama ya chombo ina thamani gani. Hicho ndicho mlichopewa.

Sasa mnataka kukipeleka steshenari. Mashine ile inafanya kazi kwa joto linalopita nyuzi 100. Gundi ya plastiki inayeyuka, inazama kwenye karatasi na kuganda humo. Kuitoa kunahitaji vimiminika vikali ambavyo huenda vikaondoka na wino. Rola zinakandamiza ule mbonyeo wote, na kinachobaki kinang'aa kama menyu ya hoteli. Tena nyingi za chapa hizi huchapwa kwenye karatasi nyepesi ya Kijapani, ambayo hujikunja kwa joto na kubaki na makunyanzi ya kudumu.

Kisha kuna jambo linalonikera kuliko yote. Mashine nyingi za mitaani zinaishia ukubwa wa A3. Picha ikizidi, kijana wa steshenari anashika mkasi "kuiweka sawa", na kinachokatwa ni pambizo yenye namba na sahihi. Mmelipia kufuta jina la msanii.

"Lakini inazuia unyevu." Inaufungia ndani ule uliokwishaingia kwenye karatasi, na ukingo ukifunguka kidogo, mwingine unaingia na kukosa pa kutokea. "Inazuia mchwa." Mchwa wanazuiwa kwa kukagua ukuta. "Inazuia salfa." Hapo nakubali kuna shida ya kweli: msimu wa kupulizia mikorosho, vumbi lile linaingia kila chumba. Dawa yake ni kioo, na kioo hakigusi karatasi. "Mbona cheti changu cha kidato cha nne nimekipiga?" Hilo ni shauri lako, na cheti chako hakikuchongwa kwa patasi.

Cha kufanya, haraka haraka. Mikono misafi na mikavu. Fundi wa fremu aweke kadi yenye dirisha kati ya picha na kioo, na kadi zote ziwe zisizo na asidi. Zikikosekana, agizeni Dar es Salaam. Karatasi ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na uji wa wanga. Hakuna selotepu, gamu ya mbao wala gazeti mgongoni. Itundikwe ukuta wa ndani, mbali na jua na jiko, na vigingi vidogo nyuma hewa ipite. Masika itazameni kila wiki. Dawa ya wadudu ipulizwe ukutani, fremu ikiwa imeondolewa. Hakuna hela ya fremu? Ilazeni bapa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kwenye sanduku kavu.

Na mliokwisha kuipiga: msiibandue, msiipitishe pasi. Itundikeni hivyohivyo, na siku mkitaka kuiuza, mwambieni mnunuzi kabla hajaitazama kwa mwanga wa ubavuni.