Mtu Mmoja, Majina Mawili

Pana swali ambalo mtu akiulizwa hutambua mara moja kwamba jibu lake la kwanza halikukubaliwa. Nalo ni hili: "Wewe ni mtu wa wapi hasa?" Neno "hasa" ndilo lenye sumu. Ndani yake mna madai kwamba kila binadamu hana budi kuwa na asili moja, kabila moja na jina moja, na akitaja mawili basi moja ni la uongo.

Mtu kama Bibi Lubaina Himid, mchora picha, alijibuje swali hilo? Alizaliwa Unguja mwaka wa 1954. Baba yake, mwalimu mwenye asili ya Komoro, alifariki kwa malaria mtoto angali na umri wa miezi minne. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa fundi wa kubuni nakshi za vitambaa, akamchukua wakaenda Uingereza. Huko akakua, akasoma, na baadaye akasomesha katika chuo kikuu mjini Preston. Mwaka wa 2017, akiwa na umri wa miaka 63, alipewa tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya nchi ile. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Waingereza humhesabu kuwa wao. Sisi nasi, tulipopata habari ya tuzo, tulikumbuka ghafula kwamba ni wetu! Hatuoni sababu ya ugomvi huo. Kazi zake zatufaa zaidi kuliko cheti chake cha kuzaliwa.

Kubwa miongoni mwa kazi hizo ni ile iliyoonyeshwa Newcastle mwaka wa 2004, iitwayo Naming the Money, ambayo kwa lugha yetu twaweza kuiita Kuzipa Fedha Majina. Ni sanamu 100 za mbao zilizokatwa kwa umbo na kimo cha mtu, zikapakwa rangi kali za kupendeza, zikasimamishwa ukumbini kama umati wa watu. Mtazamaji hapiti mbele yao. Hupita kati yao. Hao ni Waafrika waliofanywa watumwa na watumishi katika majumba ya wakubwa wa Ulaya. Wamo wapiga ngoma, wachezaji, washona viatu, wafinyanzi, wachora ramani, waganga wa mitishamba, mafundi wa vitu vya kuchezea watoto, hata wafunza mbwa. Kila fani ina watu kumi.

Ukizunguka nyuma ya sanamu utakuta karatasi ya hesabu, mfano wa zile za makarani wa biashara, na juu yake maneno machache. Mtu huyo ataja jina lake alilopewa kwao, kisha jina analoitwa na bwana wake. Ataja kazi aliyoijua zamani, kisha kazi anayotumikishwa sasa. Mwisho ataja jambo dogo linalomliwaza.

Mfanya kazi hahitaji kueleweshwa maana ya karatasi ile. Katika daftari la tajiri mtu huwa kitu kimoja tu, yaani gharama, na chenye kutaja gharama hakina nafasi ya jina la mama wala ya ujuzi ulioletwa kutoka nyumbani. Bibi Himid angaliweza kulifuta jina la utumwa akabakisha lile la asili. Wengi wetu tungalimshangilia. Hakufanya hivyo. Ameyaacha yote mawili, kwa sababu mtu yule aliishi katika yote mawili, na miaka aliyoitwa kwa jina la bwana haikuwa miaka ya mtu mwingine.

Jambo hili halikuanzia Ulaya. Mwimbaji mkuu wa Unguja, Siti binti Saad, aliyezaliwa kijijini Fumba mwishoni mwa karne ya 19, jina lake la utoto lilikuwa Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kupata jina la Siti. Baada ya amri ya mwaka wa 1897 ya kukomesha utumwa, wanawake wengi wa kisiwa kile waliacha kaniki wakavaa kanga; nguo ilitangulia kusema kabla ya mdomo. Na baina ya hesabu ya watu ya mwaka wa 1924 na ile ya 1931, wale waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua mno, ilhali Washirazi na wengineo waliongezeka. Hawakufa, wala hawakuhama. Walibadili jina.

Je, walikosea? Twasema, la, mtu aliyeitwa bidhaa ana haki ya kujiita atakavyo. Lakini Serikali ya kikoloni ilipoyakamata majina hayo ikayatia katika rejesta, ikapanga hata mgao wa chakula wakati wa vita kwa kufuata kabila, kilichokuwa chepesi kikawa kizito kama pingu. Tunakumbuka machafuko ya Juni 1961. Watu waliokuwa majirani waliulizana lile swali la "hasa," na safari hii kwa mapanga.

Kazi nyingine ya Bibi Himid, Cotton.com ya mwaka wa 2002, yatazama upande wa pili. Wakati wa vita vya Marekani, pamba iliyolimwa na watumwa ilipokoma kufika, viwanda vya Lancashire vilifungwa na wafumaji wakashinda na njaa. Hata hivyo, tarehe 31 Desemba 1862 wafanya kazi walikutana Manchester, wakamwandikia Rais Lincoln kuunga mkono vita dhidi ya utumwa. Lincoln aliwajibu Januari 1863. Bibi Himid amechora vibao vingi vidogo vya nakshi nyeusi na nyeupe, kana kwamba ni barua baina ya mtumwa wa shambani na mfumaji wa kiwandani. Hakuna uso hata mmoja. Kibao kipi ni cha nani, mtazamaji hawezi kujua.

Mjini Manchester iko sanamu ya Lincoln, na chini yake yamechongwa maneno ya barua zile. Jina lake lipo. Majina ya wafumaji hayamo.