Jumapili ya Kwanza ya Mgeni Mjini Kitale

Mtu ahamishwapo kikazi kutoka Bungoma kwenda Kitale hufikiri kwanza habari ya nyumba, kodi na shule ya watoto. Mambo hayo ni ya lazima. Lakini liko jambo moja ambalo wengi huliacha mpaka Jumamosi jioni, nalo ni hili: kesho wataabudu wapi? Wengine hulijibu kwa kulala. Wengine hupanda gari kila Jumapili kurudi kanisani kwao Bungoma, wakimaliza nauli na nguvu, na kubaki wageni mahali wanapokula mkate wao.

Ili kufahamu ugumu huu, yafaa kutazama yaliyopita. Zamani misheni za Kiprotestanti ziligawana nchi ya magharibi ili zisigombanie watu. Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, kisha kazi yao ikaenea kaskazini hadi Lugulu. Waanglikana wa CMS walianza Maseno mwaka 1906 na Butere mwaka 1912. Kanisa la Mungu lilikaa Kima katika nchi ya Bunyore. Wakatoliki hawakuwamo katika mapatano hayo, nao walijenga misheni zao, kama ile ya Mumias na ile ya Kibabii. Basi watoto wengi hawakuchagua dhehebu. Walisali palipokuwa na shule. Aliyezaliwa karibu na Lugulu akawa Rafiki, na wa Butere akawa Mwanglikana. Kila mmoja akakua akidhani kwamba desturi ya kwao ndiyo Ukristo wenyewe.

Kitale ni mji wa namna nyingine. Reli ilifika huko mwaka 1926 kwa ajili ya mashamba ya walowezi, na mashamba hayo yakavuta vibarua kutoka pande nyingi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa au kununuliwa na Waafrika, na watu wakazidi kumiminika. Kila kundi lilikuja na kanisa lake, kama mtu anavyohama na jiko lake. Leo makanisa yaliyotenganishwa na mipaka ya wamisionari yanasikia nyimbo za jirani. Tena Mbukusu aliyezoea kusikia mahubiri kwa lugha ya mama hukuta ibada nyingi za mjini kwa Kiswahili, kwa kuwa karibu naye ameketi Mturkana, Mpokoti au Mkikuyu.

Mgeni hana budi kujua tofauti kabla ya kuingia. Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawagawi mkate na divai. Kwa hiyo Rafiki aingiaye kwa Waanglikana asione haya kubaki kitini wakati wa meza ya Bwana, na asiwadharau wanaopiga magoti. Kwa Wakatoliki nako, asiye Mkatoliki hapokei Komunyo. Wasabato hukutana Jumamosi. Kanisa la Israeli Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, lina kanzu nyeupe, ngoma na bendera. Mahali ambapo watu huvua viatu mlangoni, mgeni naye avue. Asipojua la kufanya, amwulize mzee wa kanisa kwa sauti ya chini. Kuuliza hakumwondolei mtu heshima.

Faida ya haya si ya roho peke yake. Kibarua au karani aliye peke yake mjini huweza kuugua siku tatu mlango umefungwa, asijulikane. Na msiba ukitokea, maiti hupelekwa nyumbani Bungoma kuzikwa kwa wazee wake. Gari hutaka fedha, na safari hutaka watu. Ni nani atakayechanga, na ni nani atakayesimama kaburini na kusema, 'Huyu tulimjua'? Mwenye nyumba anajua kodi tu. Waliokaa naye benchi moja ndio watakaokuja.

Kwa hiyo mgeni na aombe barua ya mchungaji wake kabla ya kuhama. Afike mapema, na wageni watakapoitwa kusimama, asimame, ataje jina lake, atokako na kazi yake. Asihukumu kanisa kwa siku moja. Aende mara tatu ndipo aamue kubaki au kutafuta jingine.

Wenyeji nao wana wajibu wao. Kumpigia mgeni makofi na kisha kumwacha atoke peke yake ni salamu isiyokamilika. Yafaa mtu amwonyeshe ukurasa wa wimbo, amwulize anakaa mtaa gani, na mama mmoja amjulie hali mkewe katikati ya juma. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la kanisani ni kufagia, kuimba katika kwaya, au kuandika hesabu ya sadaka ikiwa ni mtu wa kalamu. Mgeni apewaye kazi hutambua kwamba anahitajiwa, naye asipoonekana Jumapili moja, yuko mtu atakayekwenda kugonga mlango wake.