KISANDUKU CHA KUIPATIA INJINI HEWA BARIDI

Dereva aliyewahi kupandisha gari lenye mzigo kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru ajua ya kuwa injini iliyokwenda kwa wepesi alfajiri huonekana imechoka wakati wa adhuhuri. Mzigo ni ule ule, petroli ni ile ile, na barabara haikubadilika. Kilichobadilika ni hewa inayoingia katika injini. Makala haya yaeleza sababu ya jambo hilo, na jinsi mwenye gari awezavyo kupunguza taabu yake kwa kutengeneza kisanduku cha hewa kwa gharama ndogo. Tena yaeleza makosa yanayoweza kuigeuza kazi hiyo njema kuwa hasara kubwa.

INJINI HULA HEWA KULIKO PETROLI

Watu wengi hudhani kwamba chakula cha injini ni petroli peke yake. Sivyo. Ili kilo 1 ya petroli iungue sawasawa, injini huhitaji kilo 15 hivi za hewa. Yaani kwa kila lita 1 ya petroli hupita katika chujio lita 9,000 za hewa au zaidi. Basi hewa ikipungua, nguvu nazo hupungua, hata kama tangi limejaa.

Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi. Debe la hewa ya moto lina hewa kidogo kuliko debe la hewa baridi, kama vile gunia la pamba iliyochambuliwa lilivyo na pamba kidogo kuliko gunia la pamba iliyoshindiliwa. Hewa ya digrii 60 za Sentigredi imepungukiwa uzito kwa sehemu 9 hivi katika kila 100 ikilinganishwa na hewa ya digrii 30. Kwa hesabu wanazozitumia wahandisi, tofauti hiyo huinyang'anya injini ya kawaida ya petroli sehemu 5 hivi katika kila 100 za nguvu zake, dereva anapokanyaga mafuta mpaka mwisho. Tena hewa ya moto huzidisha hatari ya injini kugonga, maana sehemu ya mchanganyiko huwaka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi.

Wakaao katika nchi za juu wana sababu zaidi ya kulitazama jambo hili. Limuru iko karibu mita 2,200 juu ya bahari, na mkandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa karibu robo kuliko ule wa Mombasa. Mwinuko umekwisha kuchukua sehemu yake. Si busara kuliacha joto la boneti nalo lichukue yake.

KWANZA TAZAMA GARI LAKO

Chini ya boneti mna bomba la moshi, redieta, na injini yenyewe, na vyote hutoa joto. Gari likienda kasi, upepo huliondoa joto hilo. Likisimama katika foleni, au likipanda mlima polepole, hewa ya moto hukaa humo humo, na injini ambayo chujio lake li wazi huivuta.

Walakini magari mengi ya siku hizi yametoka kiwandani yakiwa na sanduku lililofungwa vema, lenye bomba la kuvuta hewa kutoka nyuma ya taa ya mbele au ndani ya madigadi. Mwenye gari la namna hiyo hana haja ya kutengeneza jingine. Yampasa tu kuhakikisha kwamba bomba hilo halikupasuka wala halikuondolewa na fundi akasahau kulirudisha. Mara nyingi kulirudisha bomba hilo ndiyo dawa yote.

Kisanduku cha kujitengenezea chawafaa hasa watu wa namna mbili: wenye magari ya zamani ya kabureta, ambayo chujio lake limekaa juu ya injini likivuta hewa iliyo karibu, na wale walioliondoa sanduku la kiwandani wakafunga chujio la wazi lenye umbo la pia. Hawa wa pili wapate kujua kwamba sauti kubwa ya injini si dalili ya nguvu kubwa. Kama sanduku la kwanza lingalipo, bora walirudishe.

JINSI YA KUKITENGENEZA

1. Kata umbo la kisanduku kwa karatasi ngumu ya boksi, ulijaribu mahali pake mpaka likae vizuri, boneti ikiwa imefungwa. Kosa la karatasi ni la bure. Kosa la bati hulipiwa.

2. Hamishia umbo hilo juu ya bati la aluminiamu, unene wa milimita 1 au 1 na nusu. Fundi yeyote mzuri wa jua kali aweza kulikata, kulikunja, na kulipiga ribiti. Usitumie sponji wala kitambaa kinachoshika moto.

3. Acha nafasi ya kutosha kati ya kisanduku na bomba la moshi, feni, na mikanda. Kingo zote zivikwe mpira, zisije zikakata nyaya. Mpira wa juu uguse boneti, ili hewa ya moto isipate mlango.

4. Leta hewa kwa bomba kutoka mahali penye upepo, kama nyuma ya wavu wa mbele, lakini si nyuma ya redieta. Upana wa bomba usipungue ule wa bomba linaloingia katika injini, wala lisiwe na kona kali.

5. Funga kila kitu kwa boliti zenye washa za kuzuia kulegea. Msukosuko wa barabara zetu ni mkubwa, na kipande kikianguka katika feni chaweza kutoboa redieta.

Gari lenye kipima-hewa cha umeme katika bomba lake lisiguswe sehemu hiyo. Na katika injini yenye tabo, yaani kipulizo cha kusukuma hewa kwa nguvu, faida ya kisanduku ni ndogo zaidi, maana tabo yenyewe huipasha hewa moto sana, na kazi ya kuipoza ni ya kipoza-hewa kilichowekwa mbele.

MAADUI WAWILI: VUMBI NA MAJI

Hapa ndipo penye hatari. Hewa baridi yenye vumbi ni mbaya kuliko hewa ya moto iliyo safi. Vumbi likipita hukwaruza silinda na kula ringi za pistoni. Kisha injini huanza kunywa oili na kutoa moshi wa rangi ya buluu. Kwa hiyo kila kiungo kilicho kati ya chujio na injini sharti kibanwe kwa vibanio vya chuma, pasiwe na upenyo hata wa unywele. Usilitoe chujio kamwe kwa kutafuta nguvu.

Adui wa pili ni maji. Mdomo wa bomba usiwekwe chini karibu na barabara. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiingia katika silinda, pistoni hukwama na konrodi hupinda, na injini yaweza kufa papo hapo katika dimbwi moja. Mdomo uwe juu, na kisanduku kitobolewe tundu dogo chini, upande ulio kabla ya chujio, ili maji ya mvua yatoke.

PIMA KABLA NA BAADA

Mali bila daftari huisha bila habari. Nunua kipimajoto cha umeme chenye waya, ukifunge imara karibu na chujio, kwa nje. Usitumie cha kioo, kisije kikavunjika na vipande vyake vikavutwa. Andika joto la hewa ya nje, joto la kwenye chujio gari likisimama dakika 10 injini ikinguruma, na joto hilo gari likienda katika barabara ile ile. Fanya hivyo kabla ya kazi na baada yake. Joto la chujio likikaribia lile la nje, kazi imefaulu. Lisipobadilika, kisanduku kina mwanya, au bomba lavuta hewa mahali pabaya.

Asiwepo wa kudanganywa kwamba gari lake litakuwa la mashindano, au kwamba gharama ya petroli itapungua sana. Faida ni kwamba injini hurudishiwa zile nguvu chache ilizokuwa ikinyang'anywa na joto. Nazo huonekana mlimani, mzigo ukiwa mzito na jua likiwa kali. Mwenye kuipata faida hiyo pasipo kuingiza vumbi wala maji amefanya kazi ya kusifiwa.